Bwawa la bustani Malindi na Lamu: kuchagua laina, pampu, mawe na maji

Kabla ya kushika jembe, chota maji ya kisima chako uyaonje. Bwawa la bustani huku Pwani huharibiwa na mambo ambayo miongozo ya nchi za baridi haiyataji kabisa: chumvi ya kisimani, jua linaloipika plastiki mwaka mzima, na mwamba wa matumbawe wenye meno chini ya mchanga. Ukinunua vifaa kwa kuyaangalia hayo, bwawa litakaa miaka. Ukinunua kwa kuangalia picha, msimu wa pili utakuta beseni la matope.

Mfano utakaotumika hapa ni bwawa la urefu wa mita 3, upana mita 2 na kina sentimita 70. Ukizidisha unapata mita za ujazo 4.2, lakini pembe huviringwa na pembeni huachwa ngazi ya mimea, kwa hiyo hesabu lita 3,500. Kina kisipungue sentimita 60. Kidimbwi cha sentimita 30 chini ya jua la Februari huwa supu, na maji ya moto hubeba hewa kidogo: kwenye nyuzi 20 lita moja ya maji yasiyo na chumvi hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni, kwenye nyuzi 30 hubeba 7.5 tu.

## Maji

Nunua kipima TDS cha mfukoni, kile wanachotembea nacho wauzaji wa mashine za kusafisha maji. Kinasoma miligramu za chumvi na madini kwa lita. Chini ya 500, jaza bila wasiwasi. Kati ya 500 na 1,000, samaki na mimea mingi watakubali, mradi uwe na njia ya kubadilisha maji. Kikipita 1,000, yungiyungi huanza kuungua kingo za majani. Hapo fuga gapi au tilapia, ambao huvumilia maji ya chumvichumvi, au tafuta maji mengine.

Chumvi ya siku ya kwanza si kitu. Inayoua ni ile inayojilimbikiza. Kiangazi, hesabu kwamba jua na upepo vinakula milimita 6 za maji kwa siku. Kwa bwawa letu la mita mraba 6 hizo ni lita 36, karibu madumu mawili kila siku. Maji huenda, chumvi hubaki. Ukiwa na kisima cha miligramu 1,500 na ukawa unaongeza tu bila kumwaga, miezi mitatu isiyo na mvua itakuwa imeingiza karibu kilo 5 za chumvi, na kipimo kitasoma kama 2,900. Ndiyo maana bwawa hupendeza Desemba likafa Machi. Dawa yake ni kumwaga robo ya maji kila mwezi wa ukame kabla ya kuongeza. Mwagilia minazi maji hayo, si mchicha.

Maji ya bomba ya Malindi hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na hutiwa klorini. Yaache siku mbili wazi, pampu ikizunguka, kabla ya kutia samaki. Maji bora kuliko yote ni ya mvua: bati la mita mraba 50 likipigwa na mvua ya milimita 30 hukupa takriban lita 1,200 baada ya kutoa yanayopotea njiani. Paa la makuti usiliunganishe na bwawa. Maji yake hutoka na rangi ya chai pamoja na vumbi la majani.

Lamu ni hesabu nyingine. Maji baridi ya mji yanategemea matuta ya mchanga ya Shela, na bwawa linalokunywa lita 36 kwa siku ni anasa pale. Jenga la lita 800 hadi 1,000, uani, mahali penye kivuli cha ukuta. Kwa kweli watu wa Lamu walilitatua jambo hili zamani: birika (matangi ya maji) za nyumba za mawe ziliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na sakafuni pakajengewa bakuli ili samaki wapate pa kujihifadhi maji yakipungua. Iga bakuli hilo. Katika sakafu ya bwawa lolote acha kishimo cha sentimita 40 kwa 40, kina 20. Pampu ya kukausha hukaa humo, na samaki hukusanyika humo siku ya kusafisha.

## Mahali na shimo la majaribio

Chagua mahali panapopata jua kwa muda wa saa 4 hadi 6 kila siku, hasa la asubuhi, na kivuli baada ya adhuhuri. Epuka kuchimba chini ya mnazi: nazi moja ikianguka hutosha kutoboa laina (karatasi ya kuzuia maji, itaelezwa mbele), na mizizi yake hutafuta maji. Sindano za mvinje huziba pampu. Mwarobaini ndio mbaya zaidi, kwa sababu sumu iliyo kwenye majani na kokwa zake hudhuru viumbe wa majini. Mkungu hauna neno; majani yake hutia maji rangi ya kahawia tu, na wafugaji wengine wa samaki huyapenda.

Halafu chimba shimo dogo la kina cha mita 1 na ulisubiri bamvua, siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji ya bahari yanapojaa sana. Karibu na ufuo, hasa Shela na sehemu za chini za Malindi, maji ya ardhini hupanda na kushuka pamoja na bahari. Ukichungulia wakati wa maji mafu utaliona shimo kavu na kudanganyika. Maji yakitokea bamvua, usichimbe kina hicho. Yakiingia chini ya laina huinua sakafu kama tumbo, hewa na maji vikakwama katikati, na hakuna uzito wa mawe utakaolirudisha vizuri.

Jibu la mahali kama hapo, na kwa jumla la ardhi yote ya mchanga inayobomoka, ni bwawa lililonyanyuliwa nusu: chimba sentimita 30, kisha jenga ukuta wa sentimita 40 juu ya ardhi. Mawe ya matumbawe ya kuchonga yenye kimo cha sentimita 20 yatatoka mistari miwili. Ukuta huo unazuia mchanga wa mvua usiingie, na mtoto anayetambaa hawezi kutumbukia kirahisi. Anayetembea anaweza, kwa hiyo kama kuna wadogo nyumbani tandaza wavu wa BRC (nondo nyembamba zilizochomelewa) uliopakwa rangi ya epoksi sentimita 5 chini ya uso wa maji. Mtoto huzama hata kwenye maji ya magotini.

Ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ulioandikwa urithi wa dunia mwaka 2001, usichimbe wala kubomoa sakafu ya uani kabla ya kuuliza ofisi ya Makumbusho ya Taifa inayosimamia uhifadhi.

## Laina au saruji

Hapa ndipo pesa zako zitakapolala, basi usiharakishe.

Laina ni karatasi nzito ya plastiki au mpira inayozuia maji. Madukani utaoneshwa aina kadhaa. Nailoni nyeusi ya geji 1000, ile inayotandikwa chini ya sakafu ya nyumba, ni rahisi na inavutia macho, iache. Haikutengenezwa kuonana na jua, na ukingo wake utapasuka kama karatasi kavu. HDPE nyeusi, plastiki nzito, ndiyo inayopatikana zaidi Kenya kwa mabwawa ya mashambani, kwa unene wa milimita 0.5, 0.75 na 1. Masizi yaliyochanganywa ndani yake huikinga na jua. Udhaifu wake ni ugumu: ya milimita 1 haikunjiki vizuri kwenye pembe za bwawa dogo, hubaki na mabonde ambamo uchafu hulala. Kwa bwawa letu chukua 0.75, au 0.5 kama umbo lina vikona vingi na tandiko lako ni zuri. EPDM, ambayo ni mpira, hukunjika kama nguo na hudumu kuliko zote, ila mara nyingi huagizwa Mombasa au Nairobi na bei yake ni ya kuketi chini. PVC laini iko katikati. Kiraka chake hugandishwa kwa gundi, jambo ambalo HDPE haikubali hata kidogo. HDPE huunganishwa kwa joto, na fundi mwenye mashine hiyo hakai kila mtaa. Kwa hiyo omba kipande kimoja kisicho na mshono.

Kipimo cha laina: urefu, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 60 za ukingo. Upana vivyo hivyo.

Urefu: 3 + 1.4 + 0.6 = mita 5.
Upana: 2 + 1.4 + 0.6 = mita 4.

Mita mraba 20, basi. Kishimo cha katikati chenye kina cha sentimita 20 kinahitaji sentimita 40 zaidi kila upande, kwa hiyo ukiwa nacho agiza 5.4 kwa 4.4. Usipunguze ukingo ili kubana pesa. Laina iliyopungua sentimita 10 ni laina nzima iliyopotea.

Karatasi hiyo ya 0.75 ina uzito usiofika kilo 18. Kwa mtu wa Lamu hilo ni jambo kubwa, kwa sababu kila kitu hushuka jahazini au botini na kupita vichochoroni kwa punda au kwa mkokoteni. Linganisha na saruji. Bwawa hilo hilo kwa zege la unene wa sentimita 12, sakafu na kuta, linataka karibu mita za ujazo 1.6. Kwa mchanganyiko wa 1:2:3 (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko 12 hadi 13 ya kilo 50, na mifuko 3 ya plasta ya 1:3 yenye dawa ya kuzuia maji. Zege peke yake lina uzito wa karibu tani 4. Hesabu ni safari ngapi za punda.

Bado saruji ina nafasi yake. Ukitaka bwawa la pembe nne linaloshikana na baraza, au mahali ambapo panya na kaa wanatafuna, zege halina mshindani. Masharti yake yafuatwe yote:

Mchanga uwe wa mto, si wa ufuoni. Chumvi ya mchanga wa bahari huozesha chuma ndani ya zege. Chuma kikishika kutu huvimba na kupasua ukuta kutoka ndani. Kupima udongo uliomo, tia mchanga nusu chupa, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa, acha kwa muda wa saa 3. Tabaka la tope juu likizidi sehemu moja kwa kumi na mbili ya mchanga, uoshe au ukatae lori.

Wavu wa BRC uwe katikati ya zege, ukiwa umefunikwa angalau sentimita 4 kila upande. Sakafu na kuta zimwagwe siku moja. Kiungo cha siku mbili ndicho kitakachovuja kwanza.

Zege lifunikwe magunia mabichi na kumwagiliwa siku 14. Jua la hapa likikausha zege siku ya pili, nyufa nyembamba kama unywele hutokea, na hizo plasta haizifichi muda mrefu.

Baada ya hapo jaza maji, acha wiki moja, mwaga. Rudia mara tatu. Saruji mpya hutoa chokaa inayopandisha pH (kipimo cha uasidi na ualkali wa maji) kupita 10, na samaki waliotiwa mapema hufa siku hiyo hiyo magamba yakiwa yameungua. Wasiingie mpaka pH ishuke chini ya 8.5.

## Tandiko la chini

Tumbawe hukata. Chini ya laina ondoa kila jiwe, kombe na mzizi, kisha tandaza mchanga uliochekechwa na kuloweshwa, sentimita 5, na juu yake kitambaa kizito kisichofumwa cha gramu 200 hadi 300 kwa mita mraba. Ukikikosa, tabaka mbili za magunia ya plastiki ya unga au zulia kuukuu la nailoni vinafanya kazi ile ile. Gunia la katani, mkeka au maboksi ni chakula cha mchwa. Baada ya mwaka patakuwa na uwazi chini ya laina, na uwazi ndio mwanzo wa mpasuko. Kitambaa nunua mita mraba 24 au 25, pamoja na vipande vya kuweka juu ya laina popote jiwe litakapokaa.

## Pampu

Sanduku la pampu huandika namba mbili kubwa: lita kwa saa, na mita za juu kabisa inakoweza kusukuma. Namba hizo hazitokei pamoja. Pampu ya lita 4,000 na mita 3 hutoa lita 4,000 ikiwa hainyanyui chochote, na hutoa sifuri kwenye mita 3. Katikati yake kadiria kwa mstari ulionyooka: kwenye mita 1 utapata kama lita 2,600.

Kinachohesabiwa ni kimo kutoka usoni pa maji hadi mdomo wa maporomoko (pale maji yanaporudi bwawani yakianguka), si kutoka pampu ilipolala. Weka sentimita 50 kwa maporomoko ya kawaida, kisha ongeza msuguano wa bomba, na hapa ndipo watu wengi hujiibia wenyewe. Kusukuma lita 2,500 kwa saa kupitia mpira wa milimita 25 wenye urefu wa mita 5 kunakula karibu nusu mita ya nguvu. Mpira wa milimita 32 unakula kama sentimita 15. Tofauti ya bei ya mipira hiyo miwili ni ndogo kuliko tofauti ya pampu unayolazimika kununua kuifidia.

Kwa lita 3,500 zenye samaki, katika joto hili, maji yote yapite kwenye chujio kila saa moja na nusu au chini ya hapo. Maporomoko yenye mdomo wa sentimita 20 nayo yanataka lita 2,000 hadi 3,000 kwa saa ili maji yaanguke kama pazia, yasitambae ukutani. Kwa hiyo pampu ya 4,000 kwa mita 3 inatosha yote mawili. Uliza kuhusu mhimili: wa kauri ni bora. Chuma cha pua cha daraja la 304 huliwa vitundu na maji ya chumvi. Kama ni lazima chuma, kiwe 316. Pampu za kuvuta kisima usizitumie, zinakula umeme mwingi na hazikuumbwa kukesha.

Umeme: pampu ya wati 60 ikifanya kazi usiku na mchana hutumia uniti 1.44 kwa siku, 43 kwa mwezi. Zidisha kwa bei iliyo kwenye tokeni yako kabla ya kununua. Soketi iwe na swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30, na waya upite ndani ya bomba, sentimita 50 chini ya ardhi. Jambo hili mwachie fundi wa umeme aliyesajiliwa. Taa za ndani ya maji ziwe za volti 12.

Wengi watakushauri sola. Iko namna mbili na ni muhimu kuzitofautisha. Pampu ndogo zenye kipande cha sola bila betri hufanya kazi mchana na kulala usiku, wakati mahitaji ya bwawa ni kinyume chake: mchana mimea na mwani hutoa oksijeni, usiku nazo huitumia, na alfajiri ndipo hewa huwa chache kuliko saa yoyote. Samaki waliokufa hupatikana asubuhi. Kuendesha wati 60 saa 24 kwa sola kunataka paneli ya wati 400 hivi na betri ya asidi ya volti 12 yenye ampea-saa 150. Ni gharama. Njia ya kati ni pampu kubwa ifanye kazi mchana kwa sola, na usiku kipampu cha hewa cha wati 5 kiendeshwe na betri ndogo ya ampea-saa 12. Kipampu hicho uwe nacho hata ukitumia umeme wa kawaida, kwa siku zile unapokatika.

## Chujio

Kinyesi cha samaki hutoa amonia. Bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo mimea huila. Sehemu ya amonia iliyo sumu hutegemea pH na joto: kwenye nyuzi 30 na pH 7 haifiki asilimia 1 ya amonia yote, lakini kwenye pH 8.2 inapita asilimia 11. Maji yaliyopita kwenye mawe ya chokaa ya huku mara nyingi yako upande huo wa pili. Uchafu ule ule ambao kwingine usingemdhuru samaki, hapa unaua. Kwa hiyo chujio liwe kubwa kuliko linaloandikwa kwenye sanduku. Lililoandikwa kwa lita 7,000 ndilo la bwawa letu.

La kujitengenezea halishindwi na la dukani. Chukua pipa la plastiki la lita 120 lililobeba chakula, si kemikali. Maji yaingie chini kwa bomba la milimita 32, yapande kupitia sponji nene, kisha gunia la wavu lililojaa vifuniko vya chupa za soda, na yatoke juu kwa bomba la milimita 50 hadi kwenye maporomoko. Bomba la kutokea lazima liwe pana kuliko la kuingilia, la sivyo pipa litafurika siku sponji ikiziba. Chini kabisa weka koki ya kumwagia tope. Sponji ioshwe kwa maji ya bwawa lenyewe. Ukiisugua kwa maji ya bomba yenye klorini umewaua bakteria wote na kuanza upya. Vifuniko usiviguse mwaka mzima.

Bakteria huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea. Muda huo tia samaki wachache tu na ulishe kidogo.

## Mawe, mabomba na vyuma

Ukingo ufunikwe kwa mawe bapa ya Mazeras, yaliyotokeza sentimita 5 juu ya maji ili laina isionwe na jua. Kwa mzunguko wa mita 10 na upana wa sentimita 30, nunua mita mraba 3.5 pamoja na yatakayovunjika. Tumbawe la kuchonga linafaa kwa ukuta wa nje. Ndani ya maji huendelea kuachia chokaa na kingo zake hukwaruza. Makombe na matumbawe ya ufuoni yaache yalipo. Bahari ya Malindi ni hifadhi tangu 1968, na kuokota humo ni kosa.

Bomba la mabati na la shaba yasiguse maji. Zinki na shaba ni sumu kwa samaki na konokono. Tumia mabomba ya plastiki, PVC ya mgandamizo au PPR, na vibano vya chuma cha pua. Misumari na waya wa kawaida karibu na bahari havimalizi mwaka.

Bomba la maji yanayozidi liwe la milimita 50, sentimita 5 chini ya ukingo, likielekea shambani, mdomo ukiwa na wavu. Mei mvua moja ya milimita 60 itamwaga lita 360 bwawani, na samaki wadogo hutoka nayo.

## Mpango wa kazi

1. Chora umbo kwa kamba au majivu. Kagua kivuli asubuhi, adhuhuri na alasiri.
2. Chimba, ukiacha ngazi ya mimea yenye upana wa sentimita 30, kina 25. Kuta za mchanga zilale, zisisimame wima, isipokuwa zinajengewa mawe.
3. Jenga ukuta kwa udongo wa saruji 1:4. Acha siku 7.
4. Sawazisha ukingo kwa mpira unaoonyesha maji yaliyo ndani yake, pande zote nne. Pimamaji ya fundi yenye urefu wa sentimita 60 haitoshi kwa mita 3. Kosa la sentimita 3 litaonekana milele, upande mmoja laina iko nje na mwingine maji yanamwagika.
5. Tandaza mchanga, kisha kitambaa.
6. Laina itandikwe asubuhi na mapema. Adhuhuri HDPE hutanuka. Ukiivuta ikanyooka wakati huo, usiku itajikaza na kuinuka kwenye pembe. Iache ilegee kidogo. Watu wanne, miguu mitupu.
7. Jaza polepole huku mmoja akipanga mikunjo ndani ya shimo. Usikate ukingo mpaka maji yafike juu na kukaa siku mbili.
8. Weka mawe juu ya vipande vya kitambaa, kisha mabomba, chujio na pampu. Pampu ikae juu ya tofali, sentimita 10 kutoka chini, isivute tope, na kishimo kibaki wazi.

Maporomoko yaelekezwe kule upepo wa kusi unakokwenda: maji yanayopeperushwa yaangukie bwawani, si kwenye baraza.

## Mimea na samaki

Yungiyungi ndiye mwenye nyumba. Panda mizizi miwili au mitatu kwenye mabeseni yenye udongo mzito wa mfinyanzi, bila samadi, juu ukifunika kwa kokoto. Majani yakifunika nusu ya uso, mwani unapungua na maji yanapoa. Mafunjo yawe ndani ya ndoo ngazini. Gugu maji lisiingie hata moja, hata kama ua lake ni zuri. Yaliyotokea Ziwa Viktoria yanatosha.

Samaki wa dhahabu 15 hadi 20 wanatosha kwa lita 3,500. Koi wanataka kina cha zaidi ya mita 1, kwa hiyo usiwanunue. Gapi 20 watie hata kama huna hamu ya samaki: katika joto letu kiluwiluwi huwa mbu ndani ya siku 7 hadi 10, na bwawa lisilo na samaki ni kiwanda cha mbu cha mtaa mzima.

## Maji yakipungua

Usikimbilie kulaumu laina. Simamisha ndoo iliyojaa maji kwenye ngazi ya bwawa, kiwango cha ndani na nje kilingane, weka alama zote mbili. Baada ya saa 24, vikishuka sawa ni jua. Bwawa likishuka zaidi, zima pampu na urudie. Kama upungufu umekoma, tundu liko kwenye maporomoko au bomba, na mara nyingi ni mkunjo wa laina uliolala chini ya jiwe la juu ukipeleka maji ardhini. Kama haukukoma, hamishia samaki kwenye pipa, acha maji yashuke yenyewe, na yatakaposimama tafuta kwenye mstari huo wa maji, pande zote. Kausha, sugua kwa spiriti. PVC tia kiraka kwa gundi yake. HDPE mwite mwenye mashine ya joto, na mpaka afike, dumisha maji sentimita 5 chini ya tundu.